Kunywa Mbele Yangu

Jumatatu, 5 Januari

Joto limeanza rasmi. Kwa dobi hiyo ni habari njema na mbaya kwa wakati mmoja: mashuka yanakauka hujamaliza kuyaanika, ila chumba cha kupigia pasi kinageuka tanuri. Leo Dada alinyoosha mashuka ya gesti tangu tulipofungua mpaka jua lilipoinama, amesimama palepale, kitambaa kichwani kimelowa chapachapa. Mimi nilikuwa nyuma kwenye mabeseni.

Tulimeza vidonge vyetu kama kawaida, vile vya maumivu vya duka la dawa la kona. Dada humeza viwili asubuhi kwa soda baridi, na viwili tena mchana kichwa kikianza kumgonga. Mimi pia hunigawia, maana mvuke wa pasi hauchagui kichwa. "Meza, Kifungo, tufanye kazi." Kifungo ni mimi. Utotoni nilikuwa naokota vifungo vya watu na kuvificha mdomoni, jina likaniganda. Mama yetu alifariki nikiwa bado sijui kufunga kamba za viatu, na Dada, naye msichana tu, akanilea. Hata alipoolewa alikwenda na mimi kama begi. Yeye mwenyewe hakujaaliwa kuzaa. Mtu akimuuliza ana watoto wangapi anajibu, "Mmoja, na anakula kama wawili."

Maji hatunywi. Tunashinda ndani yake mpaka viwiko, lakini kuyanywa ni kujitafutia balaa. Choo kiko nyuma ya jengo na ufunguo anao Kinyozi wa chumba cha jirani. Ukienda kuuomba unapita mbele ya wanaume waliojipanga kwenye benchi lake, na yeye hakuachi salama. "Vipi, mashuka yamelowa?" Benchi zima linacheka. Basi tunajibana mpaka nyumbani. Tumezoea.

Shemeji ameondoka alfajiri na lori. Mume wa Dada ni mtu wa maneno machache sana. Alimwambia mkewe "haya," akaniambia mimi "haya," akaenda zake. Miaka yote ninayoishi nao sijui mtu huyu anawaza nini.

Ijumaa, 9 Januari

Joto. Makoti ya wahudumu wa hoteli, mlima mzima.

Jumamosi, 17 Januari

Dada amekuja kazini na kandambili za mumewe. Viatu vyake vimekataa kuingia. Ukibonyeza mguu wake kwa kidole, shimo linabaki hapohapo kama kwenye unga uliokandwa. "Ni kusimama," alisema. "Pasi haina kiti." Asubuhi uso nao ulikuwa umevimba chini ya macho. Nilimtania kwamba ameanza kunenepa uzeeni. Alicheka kidogo, kisha akajikuna mikono kwa muda mrefu. Amekuwa akijikuna sana siku hizi. Na chai anaiacha, anasema ina ladha ya sarafu.

Jumanne, 20 Januari

Kichwa kinaniuma mimi, kinamuuma yeye. Vidonge vimeisha, tukanunua vingine.

Jumatatu, 26 Januari

Nimerudi nyumbani peke yangu. Naandika ili mikono yangu ipate la kufanya.

Dada alikuwa ananyoosha shati jeupe. Nilisikia harufu ya kuungua nikajua kuna jambo, maana katika maisha yake yote Dada hajaunguza nguo ya mtu. Nilikimbia kutoka nyuma, nikamkuta ameshika ukingo wa meza, anavuta pumzi kama aliyekimbizwa, pasi imelala juu ya shati. "Zima," akaniambia. Nilipochomoa waya alikuwa ameshakaa chini, na sakafuni akatapika maji ya kijani.

Kinyozi ndiye aliyembeba. Aliacha mteja na nusu ya ndevu, akamweka Dada kwenye gari la jirani na kwenda naye hadi zahanati, hakusema hata utani mmoja. Pale nesi alimpima presha, akaitazama mashine, akaigonga, akaenda kuleta nyingine. Ile ya pili ilisema hivyohivyo. Sura ya nesi ikabadilika. "Mama, unatumia dawa gani ya presha?" Dada akamwambia hana presha. "Ulipima lini mara ya mwisho?" Dada akanitazama mimi kama vile jibu ninalo. Hatujawahi kupima, yeye wala mimi. Tutapima vipi wakati hatuumwi?

Sasa yuko hospitali kubwa. Nimempigia Shemeji. Akasema, "Haya."

Jumatano, 28 Januari

Daktari wa figo ni mama wa makamo, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Alivuta kiti akakaa karibu kabisa na kitanda, nikajua habari si nzuri, kwa sababu wenye habari nzuri huzitoa wakiwa wamesimama.

Alianza kwa maswali. Kichwa kinauma tangu lini? Miaka mingi. Unameza nini? Dada akataja vidonge. Kila siku? Kila siku ya kazi. Na siku isiyo ya kazi? Dada akafikiri. "Na hiyo pia, maana nisipomeza kinauma zaidi." Maji? Dada akaeleza habari za ufunguo wa choo, na kwa mara ya kwanza nikaisikia habari ile jinsi ilivyo. Chumvi? Hapo nilijibu mimi, kwamba Dada huongeza chumvi kwenye sahani kabla hajaonja.

Daktari akatueleza taratibu. Kumbe kichwa kile huenda ndiyo presha yenyewe ilikuwa inapiga hodi. Presha ilikuwa inasaga figo kimyakimya, vidonge vikawa vinazinyima damu, na mwili mkavu kwenye joto lile ukamalizia. Figo hazipigi kelele. Zinaweza kufa zaidi ya nusu nawe unaanika mashuka.

"Nikianza leo kunywa maji?" Dada aliuliza.

Daktari alimshika mkono. "Zingekuwa bado zinafanya kazi ningekwambia kunywa. Sasa hazitoi tena mkojo wa kutosha. Maji nitakupimia mimi, na yatakuwa kidogo."

Kwa hiyo ni mashine. Mara mbili kwa wiki, damu yake itatoka, isafishwe, irudishwe. Bima ya Shemeji kazini inagharamia, kwa hilo tumeshukuru. Dada alimsikiliza daktari hadi mwisho, kisha akaniuliza kama lile shati jeupe nimekwisha kuongea na mwenyewe.

Jumanne, 3 Februari

Leo ni mara ya pili ya mashine, na mara hii wameniruhusu niingie. Kuna viti vikubwa vimepangwa kando ya ukuta, kila kiti na mtu wake na mirija yake. Nilidhani nitaogopa damu. Kilichonitisha ni jinsi watu walivyozoea. Mmoja anasoma gazeti, mwingine anakoroma. Dada alifumba macho tangu mwanzo. Alipotoka alikuwa baridi kama nguo iliyolala kwenye kamba.

Shemeji hayupo. Alikuja Jumapili, akakaa kitandani kwa mkewe akimtazama miguu, na jana akaondoka tena na lori. Kazi haisubiri, ndiyo, najua. Lakini mtu anaweza kusema neno.

Jumanne, 10 Februari

Kiu. Hatuna mazungumzo mengine tangu Dada aruhusiwe kurudi nyumbani. Dada anapewa kikombe kidogo cha kumtosha mchana kutwa, na kwenye joto hili anakigawa kama mtu anayevuka jangwa. Ananyonya kipande cha barafu polepole, macho kwenye ukuta. Jana nilimkuta amesimama bombani, mkono chini ya maji yanayotiririka, hanywi. Anayasikiliza tu. Yeye aliyekuwa akisema maji ni ya kufulia.

Jumamosi, 14 Februari

Jana nilimwambia nitampa figo yangu moja. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso.

"Hapana."

"Daktari anasema mtu anaishi na moja."

"Mtu mwingine aishi na moja. Wewe nimekulea na mbili."

"Dada, ungekuwa wewe ungenipa?"

"Usiniulize maswali ya kijinga, Kifungo."

"Basi umeshajibu."

Alichambua mpaka maharage yakaisha. Halafu akasema, "Pima tu. Kupima si kutoa." Nikamkumbatia, akalalamika kwamba namwagia maganda. Usiku nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu lile shati. Naandika hili asubuhi, na bado nina furaha.

Alhamisi, 19 Februari

Nilijiandaa kama bibi harusi. Nilioga, nikavaa gauni la kutokea. Njiani nilikuwa nimeshapanga nani atafungua duka letu la dobi nikiwa wodini.

Walinipima presha, wakachukua damu, wakanipa kichupa cha mkojo. Nikasubiri. Daktari wa miwani ya kamba aliponiita, alivuta kiti akakaa karibu.

"Unaumwa kichwa?" aliniuliza.

Nikamwambia kidogo, wakati wa kazi.

"Unameza nini?"

Hapo nikataja vidonge.

Presha yangu iko juu. Kwenye mkojo wangu kuna protini isiyotakiwa kuwepo, maana figo nzima haiachii protini ipite. Zangu zimeanza kuvuja. Alisema yote hayo kwa upole, halafu akasema lile ambalo nilishaliona linakuja: "Huwezi kumpa. Wewe ni mgonjwa wangu pia sasa."

Nilimwambia siumwi mahali popote. Akasema dada yangu naye hakuwa anaumwa.

Tofauti, alinieleza, ni kwamba mimi nimefika mapema. Akanipa dawa ya presha ya kumeza kila siku, hata nikijiona mzima. Vile vidonge vya maumivu ni marufuku, na dawa yoyote nyingine nisimeze bila kumuuliza, iwe ya dukani au ya majani, maana kila kinachomezwa kinapita kwenye ini na figo, navyo havina mlango wa kukimbilia. Nipunguze chumvi. Soda niache. Ninywe maji kutwa nzima, kidogokidogo, hasa chumba kikiwa cha moto, na nikibanwa niende. Nitembee. Nilale. Nilikuwa nasubiri aseme jambo kubwa, upasuaji, sindano, kitu cha kulingana na hofu yangu. Yalikuwa mambo ya jikoni na chooni tu. Nililia kwa sababu hiyo pia. Dada angeweza kuyafanya yote, laiti kungekuwa na mtu wa kumwambia.

Nimerudi nyumbani. Yuko chumba cha pili, amelala. Sijui nitaanzaje.

Ijumaa, 20 Februari

Nilimwambia baada ya mashine, njiani tukirudi, kwa sababu ndani ya gari mtu si lazima atazamwe usoni. Alitazama nje ya dirisha. Tulifika, tukashuka, nikamketisha jikoni. Nilidhani labda hakunisikia.

"Nani alikuwa anakupa vile vidonge?" aliuliza.

"Dada."

"Nani? Sema."

"Tulikuwa tunameza wote."

"Mimi ndiye niliyekuwa nakuwekea mkononi." Alifungua kiganja chake akakitazama, kile kilichokunjamana kwa sabuni. "Kila siku. Nakwambia meza."

Nilijaribu kusema hakujua, hakuna aliyejua. Aliniinulia mkono ninyamaze. Sijawahi kumwona Dada akilia, na leo pia hakulia, lakini pumzi yake ilikuwa inakatika vipandevipande.

Kisha akasema, "Lete glasi. Ile kubwa."

Nikaileta.

"Jaza."

Nikajaza maji.

"Kunywa mbele yangu."

Nilimwambia nitakunywa baadaye, nitakunywa chumbani. Ningewezaje? Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Alipandisha sauti ile ya zamani, ya kuniamsha niende shule. "Kifungo, nimesema kunywa." Nikanywa. Alikuwa anaifuata glasi kwa macho jinsi inavyopungua, na koo lake lilikuwa linameza pamoja nami, linameza hewa. Nilipomaliza alipangusa mdomo wake kwa mgongo wa mkono.

"Asubuhi na jioni nataka kuona," alisema. "Ya mchana nitaamini neno lako."

Jumapili, 1 Machi

Glasi ya asubuhi. Glasi ya jioni. Anatazama.

Jumatano, 4 Machi

Kinyozi amepigilia msumari upande wetu wa ukuta na kutundika ufunguo wa choo. "Huu ni wenu, nimechonga mwingine," alisema, halafu akashindwa kuendelea, akarudi kwa wateja wake. Nimekuwa nikimchukia mtu huyu kwa miaka, na kumbe alikuwa hajui kwamba tunajibana. Alidhani tunapenda utani wake.

Chakula bila chumvi kina ladha ya karatasi. Dada anasema nakamulia ndimu nyingi mno, uso wangu utabaki umekunjwa hivihivi. Kichwa kiliniuma wiki nzima ya kwanza bila vidonge, mpaka nikatamani kukigonga ukutani. Sasa kinaachia. Tumehamisha meza ya pasi karibu na dirisha. Ilikuwa inawezekana muda wote.

Alhamisi, 12 Machi

Macho ya Dada yana rangi ya njano. Nilidhani ni mwanga wa pazia. Nikafungua pazia.

Ijumaa, 13 Machi

Amelazwa tena. Daktari aliuliza amekunywa nini. Nikaapa kwamba hakuna, mimi ndiye nampa kila kitu. Dada akageukia ukuta. Mwishowe akasema, "Chini ya kitanda."

Nimerudi nyumbani nikaichomoa. Chupa ya plastiki, ndani mna dawa nyeusi nzito, karatasi imebandikwa: inasafisha figo na ini, inarudisha nguvu, haina madhara. Zaidi ya nusu imekwisha. Kaletewa na mumewe safari iliyopita, aliyeinunua kwa mchuuzi wa stendi. Wamekuwa wakinificha wote wawili, mke na mume, kama watoto na sukari.

Daktari aliishika ile chupa akaisoma, akaiweka mezani taratibu sana. Ini la Dada lilikuwa zima, alisema. Ndicho kitu kimoja walichokuwa wanakitegemea.

Jumapili, 15 Machi

Shemeji amefika. Nilimsubiri kwenye korido na nikamwambia yote niliyoyaweka moyoni tangu Januari. Kwamba haonekani. Kwamba hasemi. Kwamba amemwacha mkewe mikononi mwangu, na siku aliyoamua kusaidia akaleta sumu ndani ya chupa. Watu walikuwa wanapita na kugeuka. Alisimama ameshika kofia yake, akinitazama miguu. Nilipoishiwa pumzi akasema, "Ndiyo, shemeji." Akaingia wodini. Ningefurahi angenipiga.

Ijumaa, 20 Machi

Hakuna nafuu. Wamesimamisha dawa zake nyingi. Mikono yake ina rangi ya ndizi mbivu na bado ananiuliza, "Umekunywa?" Nachukua glasi ya hospitali, nakunywa.

Ijumaa, 27 Machi

Nesi wa chumba cha mashine alikuwa anafunga mirija, akaniuliza Shemeji anaendeleaje. Nikamjibu mkato, kwamba hajambo, yuko barabarani. "Namwonea huruma baba yule," akasema. "Alivyokuja kupimwa ili atoe figo, tulipomwambia damu yake haiendani na ya mkewe alikaa pale kwenye ngazi mpaka tukadhani amelala."

Nikamuuliza kupimwa lini.

"Mapema sana. Kabla hata yako wewe."

Jioni Shemeji alirudi, nikamkuta nje ya wodi akila mkate mkavu. Nilikaa pembeni yake. Nilimwambia nimejua. Alitafuna akameza.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba nimekwenda nikakataliwa?" Alikunja karatasi ya mkate. "Dada yako angenikasirikia kwa kwenda, halafu angehuzunika kwa kukataliwa. Nikaona nibaki nayo."

"Na ile dawa?"

"Nilitoka pale nikaendesha mpaka stendi. Mtu yule akasema inasafisha figo. Alisema ilimponya hata ndugu yake mwenyewe." Akanitazama, mara ya kwanza nadhani katika maisha yetu. "Nilitaka kumpa kitu chochote. Damu yangu haikutakiwa. Nikampa kile."

Nilichukua kipande cha mkate wake nikala, na tulikaa hapo mpaka walipotuita ndani.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua ya kwanza. Dada aliomba tufungue dirisha la wodi, nesi akakubali kwa muda mfupi. Alinusa. "Kesho kamba zote zitakuwa na nguo zilizolowa," akasema. "Watu watakuja kugombana na wewe."

"Nitawaambia wagombane na mawingu."

"Waambie hivyo." Alikuwa anaongea kwa kupumzika kila baada ya maneno machache. Akaniambia nimtazame mumewe asile chipsi za njiani kila siku, apime presha, maana madereva wanakaa kutwa na hawanywi maji, wanaogopa kusimama njiani kama sisi tulivyokuwa tunaogopa benchi la Kinyozi. Akaniambia nisimlaumu. Nikasema simlaumu. "Na mimi," akasema.

Nikauliza na wewe nini.

"Usinilaumu na mimi."

Nilimwambia, Dada, mimi ni nani nikulaumu, wewe ndiye uliyenipa kila nilicho nacho. "Ndiyo maana," akajibu. Nikapanda kitandani nikalala ubavuni mwake kama nilivyokuwa nikilala nikiwa mdogo, ngurumo zikianza. Nesi aliona, akapita.

Jumatano, 8 Aprili

Dada amefariki leo asubuhi.

Jumamosi, 11 Aprili

Tumemzika. Mvua ilitupisha.

Jumanne, 21 Aprili

Nimefungua duka. Nguo zilizokuwa zinasubiri zilikuwa na harufu ya unyevu, nikazirudia zote majini. Mchana nilipofika kwenye mashati nilipita mahali pake pa zamani, meza ilipokuwa kabla hatujaihamisha, na sakafu pale imelika kidogo, mabonde mawili ya miguu yake. Nikazunguka hadi kwenye meza dirishani. Nisingeweza kukanyaga humo.

Wateja wanaosema pole wananichosha, wasiosema wananiudhi. Mmoja alilalamika kwamba suruali yake haijakauka. Nikamwambia agombane na mawingu, nikaenda nyuma nikalia.

Jumapili, 26 Aprili

Leo nilisahau dawa ya presha hadi jioni. Nilisahau na maji. Ukweli ni kwamba sikusahau. Nilikaa nikaitazama glasi tupu na kujiuliza nainywa kwa ajili ya nani, ikiwa hakuna anayetazama. Koo lilikauka, nikaliacha likauke. Nilitaka kujua alivyokuwa anajisikia. Nilivumilia mpaka saa ya chakula cha jioni tu, tena nikiwa huru kwenda bombani wakati wowote. Yeye alivumilia wiki hadi wiki, na bado alikuwa ananisimamia mimi ninywe.

Nikanywa. Nikameza dawa. Sikujisikia vizuri, lakini nimefanya.

Jumanne, 5 Mei

Siku ya majibu. Daktari alinipokea akiwa amesimama, na kabla hajafungua mdomo moyo wangu ukatulia. Presha imeshuka mahali inapotakiwa. Protini kwenye mkojo imepungua sana. Hakuniahidi kwamba kilichoharibika kitarudi, alisema tu kwamba kuharibika kumesimama, na kwamba watu wengi huishi hivyo mpaka wanazeeka na kuwa wasumbufu. "Unachokifanya nyumbani, endelea nacho hivyohivyo."

Nilishukuru, nikatoka. Miguu ikanipeleka yenyewe, nikashuka ngazi, nikakata kona, nikasukuma mlango wa chumba cha mashine na habari yangu mdomoni. Kwenye kiti chake alikuwepo mwanamume mgeni, kijana bado, anatazama mirija yake kwa hofu. "Unamtafuta nani?" akaniuliza. Nikamwambia nimekosea mlango. Kisha nikamwona midomo ilivyokauka, nikamuuliza kama wameshamfundisha kunyonya barafu polepole. Akasema bado. Nikakaa naye kidogo nikamweleza.

Jioni nilikuwa jikoni simu ikalia. Shemeji. Tangu amwoe Dada mtu huyu hajawahi kunipigia. Ni mimi nilimpigia siku zile za ugonjwa. Nyuma yake injini ilikuwa inanguruma.

"Leo ilikuwa siku ya majibu," akasema.

Sikujua kwamba anakumbuka. Nikamweleza: presha, mkojo, maneno ya daktari. Nilisikia lori linapunguza mwendo, linatoka barabarani, injini inazimwa.

"Rudia," akasema. "Polepole."

Nikarudia, neno kwa neno. Nilipomaliza alisema, "Angefurahi," na sauti ikamkatikia hapo. Hakukata simu. Nami sikukata. Nilimsikia akilia, yeye pembeni ya barabara nisiyoijua, mimi nimeegemea sinki, na sikumwambia anyamaze. Baadaye nilimuuliza kama amekula. Akasema bado. Nikamwambia atafute mahali ale, apumzike, na akifika anipigie tena.

"Haya," akasema.